Mwanga Mdogo

Picha iliyomharibia bibi yangu jina ilipigwa saa saba mchana, ndani ya chumba chake mwenyewe, na mtu aliyealikwa kuweka kumbukumbu ya dua.

Ilikuwa arobaini ya Abdi, mtoto wa miaka mitatu wa baba yangu mkubwa Sufiani na mkewe Shamimu, aliyechukuliwa na homa ya siku tatu wakati wa masika. Wanawake walikuwa wameketi mkekani katika chumba cha Bibi Hamisa, kwa kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote katika ua wetu wa Sindeni. Dirisha la ubao lilikuwa limefungwa, kama lilivyofungwa kila siku, kwa sababu jua humchoma Bibi macho. Mbaruku, mpiga picha wa Mkata, aliingia na kamera yake yenye flashi. Wanawake wote walikuwa wameinamisha vichwa. Bibi peke yake aliinua uso kumtazama aliyeingia, na wakati huo huo flashi ikapiga.

Picha ilipotoka ilikuwa na vichwa kumi na vitatu vilivyoinama na kimoja kilichoinuka, na katika hicho kimoja macho mawili mekundu yalikuwa yakiwaka.

Kabla ya Ijumaa iliyofuata picha hiyo ilikuwa imeenea katika simu za Sindeni nzima. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka mbele ya Bibi. Lilitamkwa nyuma yake, kisimani na kwenye mashine ya kusaga. Walisema ni mwanga: yule anayetoka kuwanga watu wakiwa wamelala na ambaye, kwa maneno yao, huanza na watoto wa ukoo wake. Baba mkubwa hakuzaliwa na Bibi Hamisa. Ni mtoto wa mke mkubwa wa babu, na Bibi alimlea tangu mama yake alipofariki. Hata hivyo ndiye aliyetoa hukumu. Bibi alipewa wiki nne awe ametoka Sindeni, na nyumba yake ingebomolewa.

Mama yangu alisafiri kutoka Korogwe kwenda kumchukua. Bibi alikataa.

"Nikipanda gari leo nimekiri," alimwambia. "Nitakufa huko Korogwe nikiwa nimekiri."

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, Dar es Salaam, na niliamini kwamba jambo lenye sababu humalizika sababu yake ikielezwa. Kwa hiyo nilieleza. Niliandika katika kundi la ukoo, kwa sentensi nilizozipanga kwa uangalifu, kwamba gizani mboni ya jicho hupanuka. Kwamba flashi ikipiga ghafla karibu na lenzi, mwanga wake huingia hadi nyuma ya jicho palipojaa damu na kurudi ukiwa na rangi ya damu hiyo. Chini yake niliweka picha ambayo mama alimpiga Bibi kwa simu bila flashi, macho yakiwa ya kawaida kabisa.

Baba mkubwa alijibu kwa ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia watu wakicheka.

"Yusra mwanangu, hiyo imepakwa poda. Simu za siku hizi zinampaka poda hata fisi akatoka bibi harusi."

Nilimpigia. Nilimuuliza ni picha gani angeiamini.

"Picha ya mkanda," alisema. "Ya kusafishwa kwa dawa. Yenye negative, niishike mkononi mwangu. Picha zote za marehemu babu yako ni za mkanda, na hakuna aliyetoka na macho ya namna ile. Lete hiyo kabla ya Ijumaa ya nne. Usipoleta, nisisikie tena mambo ya mboni."

Nilishika ahadi hiyo kama mtu aliyeshika kamba. Sharti lake lilikuwa gumu kuliko alivyojua. Ilibidi iwe picha ya mkanda, kwa kuwa hakuamini nyingine. Ilibidi iwe ya rangi, kwa kuwa shauri lenyewe lilikuwa la rangi. Picha nyeusi na nyeupe isingethibitisha lolote. Na ilibidi ipigwe bila flashi, katika chumba ambacho mtu huhitaji dakika nzima kabla ya kuona pa kukaa, kwa sababu mkanda nao, ukipigwa kwa flashi, hutoa macho mekundu vilevile. Palikuwa na njia moja tu: mkanda wa rangi wenye kasi kubwa, ule unaoridhika na mwanga kidogo. Rafiki yangu Loveness, ambaye husafisha mikanda bwenini katika ndoo ya maji ya uvuguvugu, alikuwa na mmoja wa mia nane, aliouhifadhi kwenye friji ya kantini katikati ya samaki. Alinipa. Ulinuka kidogo.

Kamera niliiazima Korogwe kwa mzee Ponsiano, jirani ya mama. Wazazi wake waliletwa na mkonge. Yeye alikwepa mkonge kwa kufungua studio, na studio ilipokufa alibaki na kamera tatu na hasira.

"Shikamoo mzee Ponsiano."

"Marahaba. Siuzi."

"Nataka kuazima tu."

"Siazimi. Mkanda wa ngapi?"

"Mia nane. Wa rangi."

Hapo alinitazama vizuri. Alipokea kichupa cha mkanda, akakigeuzageuza kwenye kiganja, akakinusa, akakunja uso.

"Wa mia moja una haya," alisema. "Unataka jua, unataka uwanja. Huu hauna haya, unachungulia hata uvunguni mwa kitanda. Lakini utatoa punje, picha iwe kama imemwagiwa mchanga. Unampiga nani?"

Nilimweleza. Hakuonyesha huruma yoyote.

"Basi sikiliza, maana nyinyi wasomi hamsikilizi. Usiwashe koroboi humo ndani. Mkanda wa rangi umetengenezwa kwa ajili ya jua. Ukimwashia koroboi, uso wote utatoka mwekundu, si macho tu, na hapo utakuwa umemzika kwa mkono wako. Fungua dirisha upana wa kiganja, basi. Tundu la lenzi liache wazi lote. Kamera uiweke juu ya kitu kizito. Na yeye asipumue. Hata sekunde ukiigawa mara kumi na tano, mtu anaweza kupumua humo."

Alinipa kamera. Nilipofika mlangoni aliniita.

"Ikianguka, usirudi."

Nilifika Sindeni asubuhi, Jumamosi ya pili. Baba mkubwa alikuwa uani akipakia mahindi kwenye pikipiki.

"Shikamoo baba mkubwa."

Alifunga gunia. Alijaribu kamba. Akaitikia kama mtu anayetema chenga ya mchele.

"Marahaba. Msomi amekuja kutuosha macho."

Shamimu alikuwa akipepeta mlangoni mwa jiko. Nilimwamkia. Hakujibu. Alikuwa amekonda hivi kwamba khanga ilimzunguka mara mbili na kubaki, na macho yake yaliutazama mlango wa Bibi kwa namna ya mtu anayemlinda mfungwa. Baadaye niligundua kwamba alikuwa ameuhamisha mkeka wake, sufuria zake, kila kitu chake upande ule wa ua, ili asiuache mlango huo hata kwa dakika moja.

Chumbani Bibi alikuwa ameketi kitandani. Nilifungua ubao wa dirisha upana wa kiganja. Mstari wa mwanga uliingia, ukapita juu ya mto, ukagota kwenye kiambaza. Bibi aligeuza uso.

"Unanichoma, Yusra."

"Si kwako, Bibi. Utapita pembeni. Kaa hapo ulipo, unitazame mimi."

Nilikigeuza kinu chake chini juu, nikaweka kamera juu yake.

"Kinu changu leo kinatwanga nini?"

"Kinatwanga maneno ya watu, Bibi."

"Hayo hayalainiki," alisema, lakini aliketi wima, akajifunika ushungi vizuri, akaweka mikono mapajani kama walivyokuwa wakikaa watu wa zamani mbele ya kamera.

Nilipima. Kipimo cha kamera kilinikatalia mara mbili na mara ya tatu kikakubali kwa shida. Nilikuwa nimeinama nyuma ya kinu, kidole juu ya kitufe, chumba kilipoingia giza ghafla. Shamimu alikuwa amesimama mbele ya dirisha, upande wa nje, uso wake ukiwa umejaa katika ule upana wa kiganja.

"Mama mkubwa, samahani, unaniziba mwanga."

"Mwanga wako hazibwi," alisema. "Anapita hata kwenye tundu la ufunguo."

Alisema *anapita*, na alinitazama kuhakikisha kwamba nimelisikia. Kisha akaondoka polepole.

Bibi hakutikisika. "Piga," alisema. "Nimeshashika pumzi."

Nilipiga picha ishirini na nne, mkanda wote. Kila mara nilihesabu hadi tatu, kila mara Bibi alishika pumzi, na katikati ya picha na picha alikohoa na kuomba maji. Nilipoutoa mkanda, nilibandika plasta juu ya kichupa na kuandika kwa herufi kubwa, ili Loveness ajue picha zimepigwa katika hali gani na auongezee muda kwenye dawa kama mkanda ungehitaji: MWANGA MDOGO. BIBI HAMISA. SINDENI.

Saa moja ilikuwa haijapita tangu Shamimu anionye, na bado niliandika hivyo. Ningeweza kuandika *hafifu*. Ningeweza kuandika *giza*. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na furaha, na lugha niliyojifunza darasani ilinijia kwanza.

Mkanda ulikwenda Dar es Salaam na kondakta wa basi. Mimi nilibaki na Bibi. Katika siku hizo hakuna aliyeniuzia mchicha wala kunichotea maji. Foleni ya kisimani ilikuwa ikisogea nikifika, ikiniachia nafasi pana kuliko nilivyohitaji. Watoto waliambiwa wasipite upande wetu. Walipita kwa kukimbia, wakiwa wamejifunika macho kwa viganja. Bibi aliwasikiliza wakipita na kuhesabu miguu.

"Watatu," alisema. "Zamani walikuwa wanaingia kuomba karanga."

"Wataingia tena, Bibi. Picha ikifika."

"Wewe unaipenda sana hiyo picha."

Bahasha ya Loveness yenye picha ilipaswa kushushwa Mkata, na wakala wa mizigo anipigie. Hakunipigia. Aliona neno Sindeni juu yake, akatazama kama kuna anayeelekea huko, na stendini alikuwepo Mbaruku. Na Mbaruku, aliyekuwa amesikia kwamba kuna mwanafunzi anadai kamera yake imesema uongo, aliipeleka kwa mkono wake hadi kwa baba mkubwa.

Ijumaa ya nne, baada ya sala, watu walikusanyika uani kwetu, kwenye kivuli cha ukuta wa jiko. Walikuwa kama ishirini. Baba mkubwa alikaa kwenye kiti, Mbaruku nyuma yake kamera shingoni, na kando yao jirani yetu mzee Mhina, ambaye huitwa kila penye shauri kwa sababu ana sauti. Bibi aliketi kizingitini mwa mlango wake, ushungi ukiwa umeshushwa hadi kwenye nyusi kwa ajili ya jua. Baba mkubwa aliinua bahasha. Ilikuwa imeshafunguliwa.

"Njoo usome hapa juu, msomi. Kwa sauti."

Nilisogea. Loveness, kwa uaminifu wake wote, alikuwa amenakili maneno ya kichupa kama yalivyo.

"Mwanga mdogo," nilisoma. "Bibi Hamisa. Sindeni."

Mnong'ono ulipita kwenye ukuta.

"Maneno hayo ya nani?"

"Yangu. Lakini, baba mkubwa..."

"Ni yake!" Aliwageukia watu. "Mimi nilisema mwanga, nikaambiwa nina chuki. Mbaruku amepiga, akaambiwa kamera yake mbovu. Sasa mjukuu wa damu ameandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, akapitisha stendi ya Mkata watu wasome."

"Hapo ni mwanga *huu*," nilisema, na sauti yangu ilipanda bila idhini yangu, "si mwanga *huyu*! Maana yake ni nuru ndogo. Mdogo ni kivumishi, kinafaa kwa yote mawili, ndiyo maana..."

Mzee Mhina alipiga paja.

"Huu, huyu! Mmesikia, wagosi? Huko chuoni wanafundishwa kumhamisha mchawi ngeli!"

Walicheka kwa muda mrefu. Ilikuwa ile sauti ya watu waliokuwa na hofu na sasa wamepata ruhusa. Katikati yake Bibi alisema kutoka kizingitini:

"Miaka themanini na mbili, bado mdogo? Ungeandika mkubwa, mjukuu wangu, tujue moja."

Wawili watatu walicheka na hilo pia, kisha wakamwona baba mkubwa anavyowatazama, wakaacha.

"Tazama picha," nilimwambia. "Uliahidi kutazama picha."

Aliitoa. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Punje zilikuwepo, mchanga wa mzee Ponsiano, lakini kupitia mchanga huo alionekana Bibi Hamisa: ushungi wa kijani, mstari wa jua kiambazani nyuma ya bega, na macho ya kahawia yaliyozungukwa na ule utepe wa buluu ambao uzee huufuma. Hapakuwa na wekundu popote. Baba mkubwa aliitazama kwa muda mrefu. Niliona kidole gumba chake kikisogea pembeni ya picha, taratibu, na kwa kitambo hicho kifupi niliamini kwamba nimeshinda.

Kisha akatoa negative, akaiinua juani. Kwenye kipande kile cha rangi ya chungwa, ambacho hugeuza kila rangi kuwa kinyume chake, uso wa Bibi ulikuwa wa samawati na mboni zake zilikuwa nyeupe.

"Kwa Mbaruku mekundu," alisema. "Kwenye karatasi meusi. Hapa meupe. Mtu gani ana macho ya rangi tatu?"

Hakuna aliyecheka safari hii.

Nilibakiwa na jambo moja, na nilikuwa nimelihifadhi kwa kuamini sitalihitaji. Nilisema kwamba yeyote atakayekaa katika chumba kile mpaka macho yake yazoee giza, kisha atazame flashi ya Mbaruku moja kwa moja, atatoka na macho mekundu. Nilisema nitaanza mimi.

"Kamera yangu haina ubaguzi, dada," alisema Mbaruku. "Ila usije ukalia."

Nilikaa dakika kumi kwenye mkeka wa Bibi. Mbaruku alisimama mlangoni, akapiga. Tulitoka na kamera ikapita mkono kwa mkono, na nilisikia kila mtu akivuta pumzi alipofikiwa. Kwenye kile kioo kidogo nilikuwa mimi, na macho yangu yalikuwa mekundu kuliko ya Bibi.

"Mmeona?" nilisema. "Mnaona sasa?"

"Tunaona," alisema mzee Mhina, na alirudisha kiti chake nyuma. "Damu haipotei."

Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya khanga. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya: nilikuja kumtoa mtu mmoja katika shutuma, na sasa tulikuwa wawili.

"Ubomoaji ni kesho," alisema baba mkubwa. Alisimama.

"Nipige na mimi."

Alikuwa Shamimu. Alikuja katikati ya ua, mikono ikiwa bado na unga.

"Kaa chini, Shamimu," alisema mumewe.

"Nimekaa siku sabini." Alimgeukia Mbaruku. "Siku ile ya arobaini nilikuwa nimeinama nalia, hukunipata. Mimi si damu yao. Mimi ni wa Makuyuni. Kama hiyo kamera inamjua mwanga, basi inijue na mimi. Nataka kujua."

"Utakaa humo ndani naye?" aliuliza mzee Mhina.

"Ndiyo. Kama siku ile. Na yeye awepo."

Bibi alishika mwimo wa mlango, akainuka, akaingia. Shamimu alimfuata. Nilifunga ubao wa dirisha kwa nje, na kwa kuwa nilibaki pale kuuzuia usifunguke, nilisikia yote yaliyosemwa ndani katika zile dakika kumi. Hayakuwa mengi.

"Usiniguse," alisema Shamimu.

"Sijakugusa."

"Nguo yako imenigusa."

Nilisikia Bibi akiivuta nguo yake. Kisha pumzi za watu wawili, moja ndefu yenye kikohozi ndani yake, nyingine fupifupi, na baada ya muda hata hizo sikuweza kuzitofautisha.

Flashi ilipiga. Mwako wake ulipenya kwenye nyufa za ubao na kuniangukia mikononi.

"Nionyeshe," nilimsikia Shamimu akisema. "Usiondoe. Nionyeshe."

Alitoka akiwa ameishika kamera kwa mikono miwili, mkanda wake ukiwa bado shingoni mwa Mbaruku, hivi kwamba mpiga picha alilazimika kumfuata ameinama kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Hakumwonyesha mtu mwingine. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa mumewe, akaiinua kamera mbele ya uso wake.

"Haya. Tazama. Mekundu au si mekundu?"

Baba mkubwa alitazama.

"Sema, Sufiani. Mwanangu nimemla mimi?"

Nilisikia kuku wakiparua nyuma ya jiko. Mzee Mhina alikuwa amepata kitu cha kutazama kwenye kiatu chake.

"Futa," baba mkubwa alimwambia Mbaruku.

"Asifute. Sema kwanza."

"Si wewe."

"Na yeye?"

Aliisukuma kamera pembeni kwa kiganja. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na kwa mara ya kwanza tangu niwasili nilikumbuka kwamba Abdi alikuwa mwanawe pia.

"Futa hiyo, Mbaruku," alisema mwishowe, polepole. "Na ile ya arobaini. Zote."

Mbaruku alibonyeza vitufe, akafuta. Watu walianza kuondoka bila kuagana, mmoja mmoja, kama wanavyoondoka kwenye duka lililoishiwa bidhaa. Nilimsogelea Shamimu. Nilitaka kumshukuru, nilikuwa hata nimeyapanga maneno.

"Usije hapa," alisema.

Nilisimama.

"Siku sabini nilikuwa na mtu wa kumchukia. Nikiamka nautazama mlango ule, najua yuko nyuma yake, naweza kusimama, naweza kupika, naweza kupepeta. Umekuja na mkanda wako umenichukulia. Sasa nikiamka nimtazame nani? Hebu niambie. Wewe si unajua sababu?"

Nilijua jinsi jicho linavyorudisha mwanga. Kuhusu homa ya siku tatu sikujua zaidi yake.

"Ondoka na kamera yako," alisema. "Usirudi."

Baba mkubwa alikuwa ameshika tena bahasha. Aliichana mara mbili pale palipokuwa na maneno, akaweka vipande mfukoni. Picha aliiacha juu ya kiti.

"Bibi yako abaki," alisema bila kunitazama. "Wewe, gari la Korogwe linapita saa kumi."

Nilimrudishia mzee Ponsiano kamera jioni hiyo. Aliikagua kila pembe kwanza, ndipo akaniomba picha niliyobaki nayo, maana Loveness alituma mbili na moja nilimwachia Bibi. Aliishika mbali, kisha karibu.

"Punje kubwa," alisema. "Lakini weusi umebaki mweusi. Kinu?"

"Kinu."

Alitikisa kichwa na kunifungia mlango.

Sijakwenda Sindeni tangu siku hiyo. Imekuwa miezi mitano. Mama huniambia kwamba picha iko kiambazani, na kwamba watoto wa kisimani wamempa Bibi jina, Mwanga Mdogo, na wakiliita kwa mbali yeye huitika. Jina hilo nimemwachia mimi, na hakuna dawa ya kulisafisha.

Mimi humpigia Jumapili. Wiki iliyopita nilimuuliza, kama ninavyomuuliza kila wiki, kama kuna mtu anayezungumza naye.

"Shamimu ananiletea ugali," alisema.

Nilisimama nilipokuwa nimekaa. "Anakwambia nini?"

"Hasemi. Sahani anaiweka chini, pale kizingitini, anageuka anaondoka. Salamu hatoi, wala haitikii yangu."

"Na wewe, Bibi?"

"Nakula."